Bushi za Hilux na Kibao cha Mninga

Sauti ilianza mwezi wa sita, msimu wa kuchuma kahawa ukiwa ndiyo kwanza umefunguka. Kok, kok, kok, upande wa mbele kushoto, kila nilipoingia kwenye rasta za barabara ya shambani. Nikikanyaga breki, kok moja nzito. Gari langu ni Hilux LN106 ya mwaka 1994, injini aina ya 3L, ile ambayo hata mbele ina ekseli nzima na springi za bapa kama nyuma. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mbinga, na shamba la kahawa aliloniachia baba liko mbali na lami. Gari likilala, magunia nayo yanalala.

Nilipiga jeki, nikaegemeza chesisi kwenye magogo mawili, nikachomeka mtarimbo kati ya jicho la springi, yaani ncha yake iliyoviringishwa, na sheko inayolishikilia, nikaukandamiza. Jicho lilipanda na kushuka karibu unene wa kidole. Mpira uliobaki mle ndani, yaani bushi, ulikuwa laini, unameguka ukiugusa kwa ukucha, na nilijua ulifikaje hapo. Mwaka mmoja nyuma niliupaka grisi ya beringi kwa mkono wangu, nikidhani ninautunza. Mpira wa asili na grisi itokanayo na petroli haviivi chungu kimoja. Grisi inapenya, mpira unavimba, unalegea, kisha unamomonyoka. Laiti ningelijua hilo mapema, pengine bushi zile zingekuwa zinatembea hadi leo.

Kwa asiyelijua gari la aina hii, sheko ni vibapa viwili vya chuma vilivyounganishwa na pini mbili. Pini ya chini inapita kwenye jicho la springi, ya juu inapita kwenye bomba fupi lililochomelewa kwenye chesisi. Springi ikinyooka inarefuka, na sheko inayumba kuipa nafasi. Kati ya pini na chuma kinachoizunguka ndipo bushi inapokaa, nusu moja ikiingia kutoka kila upande, na kila nusu ina shina linaloingia ndani na kofia inayobaki nje. Kazi ya kofia ni kuzuia bapa la sheko lisisuguane na springi. Ukijumlisha na jicho la mwisho mwingine wa springi, lisilo na sheko, kwa springi mbili za mbele nilihitaji nusu 12.

Mdogo wangu alinunua seti Kariakoo akaituma kwa basi. Zilikuwa za mpira mweusi, safi, zinanukia upya. Gereji tulianza na upande wa kushoto. Mashina yaliingia vizuri, lakini bapa la pili la sheko halikufika kwenye mabega ya pini. Uzi wa pini ulichungulia kidogo tu. Kofia zilikuwa nene kupita kiasi, labda ziliundwa kwa gari la aina nyingine. Kijana aliyekuwa akinisaidia alishika nati, akaikamata kwenye nyuzi mbili za mwanzo, akavuta kwa spana ndefu mpaka bapa likakaa.

“Imeingia, Mwalimu,” aliniambia. “Itajizoeza yenyewe.”

Nilikubali kwa sababu nilitaka kuingia nayo. Kosa ni langu kama lilivyo lake. Gari lilirudi nyumbani likiwa gumu upande mmoja, likilia kama mlango wa ghala kwenye kila tuta. Sheko ilikuwa imekabwa, haiyumbi, na springi isiyopewa nafasi ya kurefuka inakakamaa. Wiki ya tatu kofia moja ilipasuka ikatoka nje kama ulimi. Nilipofungua, uzi wa pini ulikuwa umelika. Pini mpya niliisubiri siku tisa, kahawa imeiva mitini.

Upande wa kulia sikuupeleka popote. Niliamua kuzichonga kofia mwenyewe nyumbani, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sijawahi kukata mpira maishani mwangu. Nilikuwa nimekata mbao, bati, nondo, bomba la plastiki. Mpira ni kitu kingine kabisa.

Nilianza na kisu cha jikoni kilichonolewa vizuri. Kiliingia milimita mbili kikanasa, na kadiri nilivyosukuma ndivyo mpira ulivyojikunja mbele yake. Nilichukua msumeno wa chuma. Bushi ikageuka ndani ya jiliwa kila meno yalipouma, na nilipokaza jiliwa zaidi ikawa yai, nikakata mstari ulionyooka juu ya kitu kilichopinda. Ilipoachiwa, mkato ulikuwa mteremko. Tupa ilijaa mpira mpaka ikawa laini kama kiganja. Nusu moja niliiharibu kabisa kwa majaribio hayo. Haikunifaa tena kwa kazi yake, lakini nikaiweka iwe ya kujaribia kila wazo lililofuata, na ilinisaidia sana.

Watu wengi wanashauri kugandisha mpira kwenye friza kwanza. Mama watoto aliniruhusu kuziweka kwenye kona ya friza, zikiwa zimefungwa ndani ya mfuko, na nikaziacha usiku kucha. Asubuhi zilikuwa baridi na ngumu kidogo, kidogo tu. Friza ya nyumbani inafika kama nyuzi 18 chini ya sifuri, na mpira wa asili hauanzi kuwa kama kioo mpaka ufike karibu nyuzi 70 chini ya sifuri. Dakika chache mkononi, ulikuwa umerudi vilevile.

Aliyenifungua macho ni seremala, jirani yangu. Alikuja kuazima msumeno wangu wa chuma akanikuta nimekaa chini na zile nusu mbele yangu.

“Shikamoo, Mwalimu. Mbona umekaa kama uliyefiwa?”

Nilimweleza. Akaichukua ile nusu iliyoharibika, akaiminya kati ya vidole viwili, akaiangalia ikitokeza pembeni.

“Huu haukatai kukatwa,” akasema. “Unakimbia. Unatafuta pa kwenda. Uzibie.”

Darasani huwa ninafundisha jambo hilihili kwa maneno mengine. Mpira ukiubonyeza hausinyai. Ujazo wake unabaki karibu uleule, kwa hiyo ukiuminya huku utatokea kule. Kisu kinapousukuma, nguvu yote inaishia kwenye kuusogeza badala ya kuukata. Ukiuzungushia ukuta pande zote na kuacha uso mmoja tu wazi, hauna pa kwenda, na makali yanauma palepale yalipowekwa. Nilikuwa nimelisema hilo ubaoni miaka mingi, na ilibidi nilisikie kwa seremala nyumbani kwangu ndipo nilielewe kwa mikono.

Tulitengeneza kibao cha mninga. Mninga ni mgumu, haupasuki ovyo na uso wake unabaki bapa. Tulitoboa tundu la kutosha shina la bushi kuingia kwa kubana kidogo. Juu ya tundu hilo tukachonga ngazi, yaani duara pana zaidi la kulaza kofia, na kina cha ngazi hiyo kilikuwa sawasawa na unene wa kofia nilioutaka. Bushi ikiingia, chochote kilichozidi kinabaki kimechungulia juu ya uso wa kibao. Hakuna haja ya kuchora mstari. Ubao wenyewe ndio mstari. Kisha tukapasua kibao kwa msumeno kutoka ukingoni hadi kwenye tundu, upande mmoja tu, ili jiliwa likikaza kibao, tundu nalo likumbatie bushi pande zote kwa usawa.

Ilibaki sehemu moja ya kukimbilia: tundu la katikati, la pini. Mara ya kwanza tulilisahau, na mpira ukazama ndani kila msumeno ulipofika katikati. Seremala alichonga kijiti cha kuliziba, kikakatwa pamoja na mpira. Tulichonga kijiti kipya kwa kila nusu.

Fremu ya msumeno haiwezi kulala bapa juu ya ubao, kwa hiyo nilitoa ubapa wenyewe, mpya, wenye meno madogo, nikaufunga kitambaa upande mmoja uwe mpini. Nikaulaza juu ya mninga na kuuvuta taratibu, nikiudondoshea maji ya sabuni. Maji ya sabuni ni nusu ya kazi. Bila hayo mpira unaushika ubapa pande zote mbili na kuupa joto. Ukiwa na utelezi, ubapa unapita. Kofia ya kwanza ilinichukua dakika kumi na mkato ulikuwa bapa kama sarafu. Nililia kidogo kwa furaha, na sioni haya kulisema, kwa sababu nilikuwa nimehangaika siku sita na magunia yakinisubiri.

Lakini kukata ni rahisi ukishajua unakata kiasi gani, na hapa ndipo ningependa msomaji mwenye gari kama langu atulie kidogo. Usipime bushi kwanza. Pima chuma. Nilikusanya sheko bila bushi, mabapa yakakaa kwenye mabega ya pini, nikapima nafasi ya ndani: milimita 72. Jicho la springi lina upana wa milimita 60. Inabaki 12, yaani 6 kila upande. Kofia zangu zilikuwa na unene wa 9 na nusu. Nilizipunguza 3, zikabaki 6 na nusu, kwa sababu mpira wa aina hii unatakiwa ubanwe kidogo mabapa yakikaa mahali pake. Ukiukata uingie ukiwa huru, mchanga unapenya na ndani ya msimu mmoja umekwisha. Vipimo hivi ni vya gari langu, chuma chake kimelika miaka 30. La kwako lina vyake.

Nilidhani bomba la chesisi lina upana sawa na jicho. Halina. Langu lilikuwa na milimita 64, kwa hiyo kofia za juu zilipaswa kuwa nyembamba zaidi ya zile za chini. Bahati nilikuwa nimeanza na kipimo kikubwa, nikazirudisha tu kibaoni baada ya kuongeza ngazi upande wake wa pili. Ungekuwa ni mpangilio wa kinyume, ningekuwa nimeiharibu seti nzima bila njia ya kurudi nyuma, maana mpira uliokatwa hauongezeki.

Na kata sawa pande zote mbili. Kofia ya ndani ikiwa nene kuliko ya nje, springi inasukumwa pembeni, ekseli inafuata, na utashangaa kwa nini usukani unavuta wakati matairi ni mapya.

Kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, sikuwa nayo wakati huo. Nilitumia rula ya chuma na mabapa ya msumeno yaliyovunjika. Ubapa wa kawaida wa msumeno wa chuma una unene wa karibu milimita 0.65, kwa hiyo vipande vitatu vikilala pamoja vinakupa karibu milimita mbili. Ukitaka kujua kofia imezidi kiasi gani juu ya ngazi, panga vipande pembeni yake mpaka vilingane kwa kupapasa kidole. Kidole kinahisi tofauti ndogo kuliko jicho linavyoona.

Kwa marekebisho ya mwisho, nusu milimita hivi, nilitumia msasa uliobandikwa kwenye kigae cha sakafu, bushi ikizungushwa juu yake kwa mkono kama mtu anayesaga, na maji kidogo. Njia nyingine ya kusaga, ya haraka zaidi, niliijaribu mwaka uliofuata nilipofika kwenye springi za nyuma.

Za nyuma nilinunua za poliyurethani, zile ngumu za rangi. Kwa magunia ya kahawa nilizipenda, kwa sababu hazilegei haraka na grisi haizili kama inavyokula mpira wa asili, japokuwa gari linakuwa gumu zaidi kwenye mashimo. Zilikuwa nene kidogo kwenye mashina, zikigoma kuingia kwenye jicho mpaka kofia ziguse chuma. Hapa nilipitisha boliti katikati ya bushi, washa pana huku na huku, nati ikakazwa, kisha mwisho wa boliti nikaushika kwa drili iliyofungwa kwenye meza ya seremala. Inazunguka, na wewe unasogeza ubao wenye msasa taratibu. Ni mashine ya kukerezea ya maskini, na inafanya kazi kweli.

Ina mitego yake. Ukikaza nati sana, bushi inafupika na kutuna tumbo. Utaichonga ikiwa nene, na ukiilegeza itakuwa nyembamba kuliko ulivyokusudia. Kaza kiasi cha kuizuia isiteleze, basi. Mwendo uwe wa chini. Poliyurethani ikipata joto haitoi vumbi tena, inanata, inajaza msasa, na uso wake unabaki na mikwaruzo kama nta iliyoyeyuka. Gusa, achia, gusa tena. Nilivaa barakoa na miwani, na maji sikuyatumia hapo, kwa kuwa kuna umeme mkononi.

Nililisema jambo la joto kwa sababu wako wanaochoma bushi kuukuu zitoke kwenye macho ya springi. Naelewa kishawishi: unawasha, unasubiri, inadondoka. Lakini chuma cha springi kimepewa ugumu na unyumbufu wake kwa moto uliopimwa kiwandani, na moto wako usiopimwa unaweza kuuondoa palepale kwenye jicho, mahali ambapo uzito wote unaning'inia. Na ikiwa bushi ni ya poliyurethani, moshi wake una sumu kali, sianidi ikiwemo. Huo si moshi wa kuuvuta uani watoto wakicheza jirani. Mimi huzitoboa kwa drili pembeni, tundu baada ya tundu, mpaka zinalegea, kisha nazisukuma kwa boliti ndefu na kipande cha bomba.

Kosa langu kubwa halikuwa kwenye gari langu. Mwalimu mwenzangu ana RAV4, na alipata bushi za poliyurethani za mkono wa nyuma, ule unaoshikilia gurudumu, zilizoshindwa kuingia kwenye mabano. Hizi zina kikoa cha chuma ndani, kibomba ambacho boliti inapita. Niliona kikoa kimechungulia nje ya bushi kila upande, nikaona ndicho kinachozuia, nikakikata kwa grenda. Kiliingia safi. Baada ya siku mbili mkono ulikuwa umekwama na gari linalia.

Kikoa kinatakiwa kichungulie. Boliti ikikazwa, mabano yanabana kikoa, kinakuwa kama nguzo isiyosogea, na bushi inazunguka juu yake ikiwa huru. Nilipokifupisha, mabano yakabana bushi yenyewe. Kilichopaswa kupungua kilikuwa ile plastiki, milimita moja kila upande, kikoa kibaki kimezidi kidogo sana. Nilisafiri hadi Songea kukerezewa vikoa viwili vipya kwa gharama yangu, na nikamwomba radhi. Tangu siku hiyo, kabla sijakata chochote, namwuliza mwenye gari na kujiuliza mwenyewe: nati hii ikikazwa, nini kinagusana na nini?

Bushi zile zenye ganda la chuma nje na mpira ulioshikamana na chuma pande zote mbili, mimi sizichongi kabisa. Ule mpira hauzunguki, unajisokota, na ukiukata umeukata mahali unaposhikilia. Kama kipimo chake si sahihi, irudishwe dukani. Hizo nazo boliti zake zikazwe gari likiwa limekaa chini kwa matairi yake, maana ukizikaza gari likining'inia, mpira unaanza maisha ukiwa umesokotwa tayari na unachanika mapema. Nimeizoea tabia hiyo kwa sheko pia: nakaza kwa mkono juu, namalizia chini, narudia kukagua baada ya kilomita 200.

Kwa kupaka, kwenye mpira natumia gliserini, hiyo hiyo ya chupa ndogo tunayopaka ngozi wakati wa kipupwe. Haiudhuru mpira, inateleza vizuri wakati wa kuingiza. Kwenye poliyurethani natumia grisi ya silikoni, ya kutosha, kwa sababu ikikauka inalia.

Upande wa kulia wa mbele, ule niliouchonga kwa kibao cha kwanza, umemaliza misimu mitatu ya kahawa. Nimeufungua mwaka huu kuangalia: kofia zimelika kwa usawa, pini inang'aa lakini uzi wake ni mzima.

Kibao kinaning'inia stoo kwenye msumari. Kina matundu manne sasa, kila moja limeandikwa kwa penseli: gari gani, mbele au nyuma, juu au chini, milimita ngapi. Wiki iliyopita yule kijana wa gereji alikuja na Hilux ya mteja, bushi zikiwa mfukoni mwake.

“Mwalimu, naomba kile kibao.”

“Umepima?”

Alinionyesha kiganja. Alikuwa ameandika kwa kalamu: nafasi ya ndani, jicho, bomba la chesisi. Nilitoa kibao msumarini nikampa, na vijiti vitatu vya kuzibia.